Kikopo cha Baba Mkwe

Nikikusimulia hii utasema nimeitunga nikiwa na homa. Sema tu. Ila kaa kwanza, na kama unakula weka sahani pembeni, kwa sababu tunaanza na choo. Choo kabisa, haja kubwa. Mtu mmoja ameshazikwa na wengine kumi na mmoja wanasubiri zamu yao, yote kwa sababu ya kikopo kimoja ambacho mtu aliona aibu kukitazama kwa sekunde arobaini.

Mwaka ni 2094. Tukuyu unayoijua isahau. Ziwa lilipopanda likaimeza Kyela, watu wote walikimbilia juu mlimani, na mji ukajaa mpaka ghorofa zikaota kama uyoga, mashamba ya chai yakahamia juu ya mapaa, watu wakawa wanakwenda kazini kwa magari ya kamba yanayoning'inia hewani juu ya mabonde. Kitu ambacho hakikubadilika ni mvua. Mvua ile ile, asubuhi na jioni.

Na maji yale ya mafuriko yalileta zawadi yake. Waliiita Homa ya Mafuriko. Ni ndugu yake taifodi, ila mkorofi zaidi. Inaanza na joto kidogo, mtu anakosa hamu ya kula, unadhani mafua. Kumbe wadudu wako chini wanautoboa utumbo taratibu. Kwa mtoto inachukua siku tisa. Kwa mzee inakimbia. Utumbo ukishatoboka, we acha tu.

Ndiyo maana Idara ya Matumbo ilimleta Mpambanuzi.

Mpambanuzi ni mashine kubwa kama jengo la shule, na ndani yake kuna akili isiyolala. Kila Jumatatu asubuhi, vigari vidogo vyenye kimo cha mbuzi, vinaitwa Wakusanyaji, vinapita mlango kwa mlango. Kila mtu wa miaka mitano kwenda juu anatoa kikopo chake chenye jina. Vinakwenda kwa Mpambanuzi, naye kwa saa moja anasoma vikopo elfu tisa. Ananusa, anaonja, anahesabu. Anakwambia ulikula nini juzi na unaumwa nini leo.

Halafu kuna kitu kinaitwa alama ya tumbo. Ndani ya tumbo la kila mtu kuna vijidudu matrilioni, na mchanganyiko wako haufanani na wa mtu mwingine, kama alama za vidole. Na mchanganyiko huo unakua na mtu. Kwa hiyo Mpambanuzi akionja kikopo anaweza kukadiria umri wa tumbo lililokitoa, ingawa alama za wiki zilizopita hatunzi.

Sasa utauliza, mashine yenye akili hivyo, binadamu wa nini? Swali zuri. Mwaka 2088 Mpambanuzi aliona wekundu kwenye vikopo mia nne vya shule moja, akasema ni damu, akaifunga shule siku nane. Kumbe watoto walikunywa juisi ya rozela kwenye mahafali. Watu walicheka, ila waliokosa mitihani hawakucheka. Ikatungwa sheria: kikopo chochote chenye ugonjwa, lazima binadamu akitazame kwa hadubini sekunde arobaini kwa jicho lake mwenyewe, ndipo abonyeze Nathibitisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Tumpe.

Tumpe alikuwa na miaka thelathini na moja, mke wa Ambakisye, fundi wa magari ya kamba, na mama wa Subilaga, miaka minne, ambaye wote walimwita Subi. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya chini, yenye ua. Mbele walikaa wao. Nyuma, kwenye chumba cha peke yake chenye mlango wake, alikaa baba mkwe wake, Mzee Lazaro Mwakifuna.

Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ukilikosa hili umeikosa hadithi yote. Kwa Wanyakyusa wenye kushika mila, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haongei naye, akimsikia anakuja anapita njia nyingine. Si kwamba wanachukiana. Ni heshima, tena nzito. Ghorofa ziliota, ziwa lilipanda, lakini kwa Mwakifuna mila ilibaki pale pale. Miaka sita Tumpe aliishi ua mmoja na mzee yule, na alichokijua kwake ni kikohozi chake na mgongo wa koti lake. Chakula alimpelekea kwa mikono ya Subi. Subi ndiye alikuwa barabara kati yao. Anakwenda na sahani, anarudi na ujumbe: "Babu amesema ndizi za leo zimeiva mno." Tumpe anacheka jikoni, na kule nyuma mzee anasikia kicheko, anaridhika.

Sasa Jumatatu moja Tumpe yuko kwenye kiti chake maabara, jirani yake ni Mwasiti, mwenyeji wa Ujiji, mdomo haujui kupumzika. Kioo cha Tumpe kikawaka.

MWAKIFUNA, LAZARO. MIAKA 73. HOMA YA MAFURIKO: NDIYO. UMRI WA TUMBO: HAULINGANI. TAZAMA KWA JICHO.

Tumpe alisogeza kiti nyuma kama ameona nyoka.

"Nini tena?" Mwasiti akauliza.

"Baba mkwe."

"Yupo wapi?"

"Humu," akasema Tumpe, akionyesha hadubini kwa kidevu.

Mwasiti akaziba mdomo asicheke, ikashindikana. "Nyie Wanyakyusa mtakuja kufa na heshima zenu. Mashine haikujua ni mkweo?"

Haikujua. Mpambanuzi alitengenezwa na watu wa mbali. Walimfundisha kwamba mtu asisome kikopo cha ndugu yake wa damu, na hilo alilishika. Ila mkwe si damu. Kwenye kumbukumbu zake, Mzee Lazaro kwa Tumpe alikuwa jirani tu.

"Nisomee wewe," Tumpe akamwomba.

"Jicho langu halikubaliki kwenye kiti chako, unajua. Tazama, mama. Choo ni choo. Hakina uso."

Tumpe aliinama. Aliweka paji la uso kwenye hadubini ili mashine ihesabu sekunde, na akafumba macho. Alihesabu kimoyomoyo mpaka arobaini. Lile neno "haulingani" alilisoma, tena vizuri, akajiambia wazee wana matumbo ya ajabu, mzee mwenyewe hana meno, anakula uji, lazima tumbo lionekane la kitoto. Akabonyeza Nathibitisha. Akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

Saa tano Ambakisye akapiga simu.

"Baba amechukuliwa. Machela-tembezi ilikuja yenyewe mpaka mlangoni kwake."

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu, hata hajauliza. Kavaa koti, kalala juu yake, kajifunika uso. Subi analia huku, anataka kumfuata."

"Mbembeleze. Watamtibu, tumewahi."

Na kweli aliamini wamewahi. Dawa ilikuwepo. Iliitwa kidonge hai. Mpambanuzi anachukua wadudu wa kwenye kikopo chako, anakuzia vijidudu vingine vidogo zaidi ambavyo chakula chao ni wadudu hao tu, hawali kingine. Wanapikwa siku mbili mpaka tatu, wanafungwa kwenye kidonge kimoja. Kimoja tu kinatosha. Umekimeza, umepona.

Jumanne Subi akawa wa moto. Tumpe akajua, ameambukizwa na babu yake. Watoto chini ya miaka mitano hawakupimwa Jumatatu, walipimwa kliniki mara moja kwa mwezi, na waliokaa na mgonjwa walipimwa siku ya nne, kwa sababu kabla ya hapo wadudu hawajitokezi. Akasema Alhamisi nampeleka wa kwanza kabisa. Akamfunga kitambaa cha maji kichwani. Mtoto hakutaka uji, hakutaka ndizi, aliuliza babu anarudi lini.

Jumatano saa tano asubuhi kioo kikawaka tena.

MGONJWA MWAKIFUNA. CHOO CHA WODI KIMESOMWA. TUMBO LA MGONJWA SI TUMBO LA SAMPULI. UGONJWA WAKE: MWANZO KABISA. MTHIBITISHAJI AELEZE.

Wodini huwezi kudanganya, kwa sababu choo chenyewe ndicho kinachopima. Tumpe alisoma mara tatu. Kisha akafungua picha ya kile kikopo cha Jumatatu, ambayo mashine ilikuwa imeitunza, na safari hii akafumbua macho.

Kulikuwa na chembe za kijani. Chembe ndogo ndogo za nta, kijani cha majani mabichi.

Subi alikuwa na tabia ya kula kalamu zake za rangi. Alikuwa ameshamaliza nyekundu na njano. Ijumaa iliyopita Tumpe alimpokonya ya kijani ikiwa nusu, akamchapa kidogo mkononi.

Alikaa pale. Mwasiti alimwita mara mbili asisikie. Alikuwa anahesabu siku. Kama kile kikopo kilikuwa cha Subi, basi Jumatatu mtoto alishakuwa mgonjwa wa siku kadhaa. Siku ya tano? Ya sita?

Wodi ya Kioo iko ghorofa ya chini. Wagonjwa wako upande mmoja wa ukuta wa kioo, wazima upande wa pili, mnasikilizana kwa kitundu cha sauti. Tumpe alishuka akiwa na kitambulisho chake cha maabara. Alipokaribia kitanda namba kumi na saba aliinamisha kichwa, akageuka, akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kioo.

"Baba."

Kisha akasikia mtu anajivuta kitandani, na mgongo mwingine ukagusa kioo upande wa pili.

"Nimegeuka," sauti ikasema. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani. "Sema haraka, mama, watu wasituone."

"Kile kikopo cha Jumatatu kilikuwa cha nani?"

Mzee alikohoa. Kikohozi alikijua.

"Jumapili nilimuuliza mumeo nani anavisoma vya mtaa wetu. Akasema ni wewe. Nikasema ehe. Yaani mimi, Lazaro, mke wa mwanangu anifunue hivyo? Afadhali nitembee uchi sokoni. Mtoto alikuwa amekaa kwenye poti pale kwangu asubuhi. Nikasema, si damu yangu huyu? Tumbo la babu na la mjukuu lina tofauti gani?"

"Na machela ilipokuja?"

"Nilijua nimekamatwa. Nikaona bora nipate adhabu yangu bila maneno."

"Hukukamatwa, Baba. Kikopo kilikuwa na ugonjwa."

Alisikia pumzi ya mzee inakatika.

"Mtoto," akasema.

"Mtoto. Na wewe umeupata kwake, ila kwako ndiyo kwanza unaanza."

"Mbona sasa umekaa hapa? Mpeni dawa."

"Dawa yake wanakuletea wewe leo saa kumi. Imepikwa kwa wadudu wa kile kikopo, imeandikwa jina lako. Nikieleza ukweli, sheria inasema dawa ya sampuli ya kughushi inamwagwa. Wanaanza upya. Siku tatu. Na Subi sijui kama ana siku tatu."

Mzee Lazaro akacheka kidogo puani. Tumpe hakuwahi kukisikia kicheko chake.

"Nikiwa mdogo mama yangu alikuwa ananipa dawa ya minyoo, chungu hiyo. Naifungia shavuni, naonyesha ulimi, naye anaridhika. Hili lichuma la uuguzi linalozunguka hapa halina akili kumshinda mama yangu. Nitakachotoa nitakitia wapi?"

Tumpe alifikiri. Hakuna kitu kinachotoka Wodi ya Kioo. Hata sahani zinachomwa. Kitu kimoja tu kinatoka, na kinapokelewa na mtu wa maabara kwa mkono wake.

"Omba kikopo," akasema. "Waambie choo chao kinakukataa, unataka kutumia kikopo kama nyumbani. Kidonge kina gamba, hakitaharibika."

"Na wewe ndiye utakayekifungua."

"Mimi, Baba."

"Hiki kitazame," mzee akasema.

Tumpe alipokuwa anainuka alimwahidi, bado amempa mgongo, kwamba mtoto akishameza tu ataandika kila kitu, wampikie mzee cha kwake. Mzee akasema, "Tutaona, mama. Ndaga," na ndaga kwao ni asante.

Juu, mashine ilikuwa bado inasubiri maelezo. Tumpe akachagua Kosa la Mashine, akathibitisha.

Saa kumi na moja kikopo kilifika. Alikifungua chooni, amejifungia, akakiosha kidonge mara saba, akakipeleka nyumbani ndani ya sidiria. Subi alikimeza na kijiko cha asali. Alhamisi jioni joto likashuka. Ijumaa aliomba ndizi.

Sasa unauliza, na ile ahadi? Hapo ndipo pabaya. Alhamisi asubuhi Tumpe alimweleza mumewe, wakiwa wamesimama kwenye ua, mvua inapiga. Ambakisye akashika kichwa.

"Ukiandika, baba anaitwa mghushi. Unajua mghushi anafanywaje?"

Alijua. Jina linabandikwa kila kona ya mji. Akifa hazikwi, anachomwa na Idara, hakuna msiba, hakuna ngoma, hakuna mtu kuja kulia. Kwa mzee wa Kinyakyusa hiyo si adhabu, ni kufutwa.

"Asipopata dawa atakufa," Tumpe akasema.

"Ndiyo kwanza unaanza, umesema mwenyewe. Tusubiri siku mbili Subi asimame vizuri. Wakimpima Subi leo wakakuta kidonge tumboni, watakuchukua wewe pia. Nani atabaki naye?"

Siku hiyo Tumpe hakumpeleka Subi kupimwa. Aliandika mtoto amesafiri. Siku mbili tu. Tumpe, mtaalamu, anayejua kwamba kwa wazee inakimbia, alikubali siku mbili.

Jumamosi saa saba mchana Mzee Lazaro alishika tumbo, akajikunja, na saa tisa hakuwepo. Muuguzi-chuma aliandika kwamba hakumwita mtu.

Nyumbani watu walijaa. Ua wote, mpaka barabarani, wanawake wameshaanza kupika, wanaume wameshachimba. Ila mwili hautoki mpaka mthibitishaji ajaze fomu, na fomu ina swali moja. MGONJWA ALIMEZA KIDONGE HAI? Chini yake vitufe viwili: Alimeza. Hakumeza. Akisema hakumeza, Idara itauliza kilikwenda wapi.

Kule maabara, Ambakisye alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Tumpe. Simu yake ilikuwa inaita mfululizo, watu wanauliza mwili uko wapi.

Tumpe akabonyeza Alimeza.

Mzee alizikwa vizuri sana, nakwambia. Watu walicheza ngoma ya msiba mpaka udongo ukawa tope. Kwa mara ya kwanza Tumpe aliutazama uso wake, ndani ya jeneza. Alifanana na Subi.

Lakini kuna jambo moja kuhusu Mpambanuzi sijakwambia, na Tumpe alilijua tangu alipokuwa chuoni, ila siku ile kichwani halikuwepo. Mpambanuzi anajifunza. Kila anayepona na kila anayekufa anamwingiza kwenye hesabu. Kidonge hai kilikuwa kipya. Wazee wa zaidi ya miaka sabini waliokuwa wamekimeza walikuwa watatu tu, na wote walifika wodini wamechelewa, wakafa. Mzee Lazaro, aliyewahi kabisa, kwenye kumbukumbu akawa wa nne. Alimeza mapema, na akafa.

Jumatatu iliyofuata, Tumpe kwenye kiti chake, vikopo vikaanza kupita. Cha kwanza: mwanamke, miaka sabini na tano, Homa ya Mafuriko ndiyo. Chini yake mstari mpya ambao hajawahi kuuona. DOZI: ASIPEWE. HAISAIDII UMRI HUU.

Cha pili, mzee wa miaka themanini. Asipewe. Cha tatu. Cha nne.

"Tumpe," Mwasiti akasema, na leo hakuwa na utani. "Mbona wazee wote wananyimwa? Nani kamwambia hivi?"

Vilifika kumi na moja. Jina la mwisho lilikuwa Anyesile Mwaipopo, jirani wa ukuta wa pili, aliyempokea Subi mikononi alipozaliwa, na aliyesonga ugali wa msiba Jumapili bila kukaa chini. Miaka sabini na miwili. Bado mzima kabisa, anatembea, hata hajui kama anaumwa. Siku mbili za kupika kidonge na atapona.

Pembeni ya kioo kuna kitufe kidogo cha kijivu. Rekebisha Kumbukumbu. Kinabaki wazi mpaka saa sita mchana, kisha dozi za wiki zinafungwa. Akikibonyeza aandike ukweli, wazee kumi na mmoja wanapikiwa dawa leo leo. Na leo leo Idara wanakwenda makaburini na majembe, wanamfukua Mzee Lazaro kutoka kwenye udongo ambao haujakauka, wanamchoma, wanabandika jina lake mjini kote, na yeye Tumpe anaondoka na machela isiyorudi, Subi akiwa anamwangalia.

Saa ya ukutani inasema sita kasoro dakika tisa. Mwasiti anamtazama. Kidole cha Tumpe kiko juu ya kile kitufe, hakishuki, hakiondoki.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, usinijibu haraka. Fikiria una mtoto amepona nyumbani, na mzee aliyekupa mgongo kwa heshima miaka sita, akafa kimya ili mtoto huyo apone. Halafu fikiria Bibi Anyesile. Zimebaki dakika tisa. Ungefanya nini?